Mashine moja ya mazoezi kwa wenye ulemavu na wasio na ulemavu: nianze na lipi?

Msanifu_Mashine (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, ninasanifu mashine ya kuimarisha misuli ya mikono, mabega na mgongo, ile ambayo mtu huketi na kuvuta waya unaopita kwenye kapi ili kuinua vyuma vya uzito. Nimekusudia iwe mashine moja ya kuwekwa katika ukumbi wowote wa mazoezi na kutumiwa na kila anayeingia humo, akiwemo anayetumia kiti cha magurudumu, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, asiyeona, na ambaye vidole vyake havina nguvu ya kushika. Sipendi kutengeneza chombo cha pekee ambacho mwishowe husukumwa pembeni na kugeuzwa mahali pa kutundikia taulo. Kwa sasa mchoro wangu una kiti kinachoweza kuondolewa, mkanda wa kifua, pini ya kuchagulia uzito, na skrini ya kugusa inayoonyesha idadi ya mivuto pamoja na mapigo ya moyo. Naomba mnieleze ni mambo gani humkwamisha mtu kabla hata hajaanza zoezi lenyewe, na kiwango cha chini cha uzito kiwe kipi.

Magurudumu_Mawili

Ndugu Msanifu, umefanya vyema kuuliza kuhusu yale yanayotangulia zoezi, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tunaotumia viti vya magurudumu tunakokwama. Umesema kiti kinaondolewa, lakini hukusema nani atakiondoa. Kikiwa cha kubebwa, nitalazimika kumwita mtu kila ninapofika na kumwita tena ninapoondoka, na mtu mzima huchoka upesi kuishi kwa kuomba. Afadhali kizunguke kwenye egemeo na kulala kando ya fremu, na komeo lake lifunguliwe kwa wenzo unaoweza kusukumwa kwa ngumi au kwa kiwiko. Wapo pia wanaopenda kuhama kutoka kwenye magurudumu na kukalia kiti cha mashine, na hao watahitaji kiti kilicho karibu kimo na chao, pamoja na kishikio imara kisichotikisika cha kujivutia.

Fikiria vilevile nafasi ya sakafu. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikika vinataka angalau mashine moja ya kila aina iwe na nafasi wazi ya sentimita 76 kwa 122 kando yake. Hiyo ni nafasi ya kusimama tu. Kugeuka duara kamili kunahitaji kipenyo cha sentimita 152 hivi. Ichore nafasi hiyo kana kwamba ni sehemu ya mashine, la sivyo mwenye ukumbi ataijaza vitu vingine.

Jambo la mwisho, ambalo wasanifu wengi hawalioni mpaka wajaribu wenyewe: nikivuta mzigo ulio mbele yangu, kiti changu huburutwa kuelekea mashine ingawa breki zimefungwa, na waya ukitoka juu, ni mwili wangu unaonyanyuka badala ya vyuma kupanda. Weka mahali pa kufungia fremu ya kiti changu, pawe panafikika bila kuinama hadi sakafuni.

Tabibu_wa_Viungo

Nakubaliana na mwenzangu, nami nitaongeza upande wa mwili. Anayesukuma magurudumu siku nzima hutumia sana misuli ya mbele ya bega, na maumivu ya bega ni ya kawaida mno kwa watu hawa. Kwa hiyo zoezi la kuvuta kuelekea kifuani, linaloimarisha misuli ya nyuma ya bega na ya kati ya mgongo, lina faida kwao kuliko mashine nyingi za kusukuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wenye ulemavu kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa juma, na ushauri huo hautekelezeki pale ambapo hakuna mashine inayowafaa.

Kuhusu uzito, anza chini sana, kilo moja au mbili, na hatua za kuongeza ziwe ndogo vivyo hivyo. Mkono unaorejewa na nguvu baada ya kiharusi hauwezi kuruka kutoka kilo tano hadi kumi. Nyaya za kulia na kushoto zijitegemee, kila upande na uzito wake, la sivyo mkono wenye afya utafanya kazi yote.

Mkanda wa kifua uwe mpana, laini, usio na mshono mgumu wala chuma kinachogusa mwili. Ngozi isiyo na hisia hupata kidonda bila mwenyewe kujua, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kumlaza mtu kwa miezi. Tena, usiyategemee mapigo ya moyo kuwa kipimo cha juhudi kwa kila mtu. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, hasa kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, mapigo yake huenda yasipande ipasavyo hata akijituma kwa nguvu zote. Kipimo cha mtu kujikadiria mwenyewe jinsi anavyoona zoezi kuwa jepesi au gumu kinamfaa zaidi.

Mguso

Mimi sioni. Skrini ya kugusa kwangu ni kipande cha kioo tu. Naomba vitufe vyenye umbo linalotambulika kwa kidole, tarakimu zilizoinuka kando ya kila chuma cha uzito, na sauti inayotaja idadi ya mivuto kupitia vipokea sauti vya masikioni, ili ukumbi mzima usisikie hesabu yangu. Kwa mwenye uoni hafifu, paka rangi ya njano au nyingine inayojitenga waziwazi na fremu kwenye kila kinachoshikwa, kinachozungushwa au kinachorekebishwa, na kwenye hivyo tu. Ukiipaka kila mahali, haitamwonyesha chochote. Kwa kiziwi, kila kinachosemwa kwa sauti kionekane pia kwa taa au maandishi.

Msanifu_Mashine

Nawashukuru sana. Nimebaki na shaka mbili. Nikiweka chuma cha kilo moja, je, mtumiaji atahisi kilo moja kweli? Na nikibadilisha pini ya kuchagulia uzito kuwa wenzo, kwa ajili ya asiye na nguvu ya vidole, je, anayeketi kwenye kiti cha mashine ataufikia sawa na anayeketi kwenye magurudumu?

Fundi_wa_Kapi

Chuma cha kilo moja kitapotea ndani ya msuguano iwapo kapi zako zinazunguka kwa ugumu. Tumia kapi zenye beringi, punguza mizunguko ya waya, kisha upime kwa mizani ya kuvuta kwenye kishikio chenyewe, maana mkono wa mtumiaji huhisi kinachofika pale. Njia nyingine ni kutumia kapi inayosogea pamoja na mzigo: chuma cha kilo 4 kitahisiwa kama kilo 2, ukiacha msuguano, huku waya ukivutwa mara mbili ya urefu ambao chuma kinapanda. Faida yake ni kwamba vyuma hupanda polepole. Ila maandishi yaonyeshe kinachohisiwa mkononi.

Wenzo uweke upande wa mbele, kati ya kimo cha kiwiko na cha bega la aliyeketi, na urudiwe kulia na kushoto kwa ajili ya aliyepooza upande mmoja. Hata hivyo usikate chuma bado. Jenga kwanza umbo la plaiwudi lenye vipimo kamili, uwaalike watu wenye ulemavu tofauti, uwalipe kwa muda wao kama unavyomlipa fundi mwingine, na uwape uwezo wa kukataa mchoro. Wape kazi yote kuanzia mlangoni: kufika, kuingia, kuchagua uzito, kujifunga, kuvuta, kujifungua na kutoka. Usiwaelekeze wala usinyooshe mkono kusaidia, isipokuwa pana hatari. Andika kila mahali mtu alipositasita au alipoomba msaada, na sehemu hizo ndizo utakazozichora upya kabla ya kununua bomba la kwanza.

Magurudumu_Mawili

Naongeza neno kwa hilo la majaribio: aalikwe pia anayetumia kiti cha umeme, kwa sababu ni kirefu na kizito kuliko changu, na sehemu za kuwekea miguu hutangulia mbele sana. Miguu ya fremu yako ikikutana nazo, hataufikia waya hata kama mengine yote umeyapatia.