Ushauri wakuu: Niendelee kumfundisha mpwa wangu mtindo wa Edberg, au zama zake zimepita?

Mjomba wa Isevya (mtoa mada)
Wakuu, salaam kutoka Tabora. Najua wapenzi wa tenisi humu ni wachache, lakini nimekwama, hata usingizi sipati. Nina mpwa wangu, binti wa miaka 13, namfundisha mwenyewe. Nimemkuza kwa mchezo wa Stefan Edberg, yule Mswidi: bekihendi (pigo la upande wa pili wa mkono wako) ya mkono mmoja, ukipiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha, unaifuata hadi wavuni, unamalizia kwa voli, yaani unaupiga mpira kabla haujadunda. Edberg alibeba mataji makubwa (Grand Slam, yako manne kwa mwaka) sita, yakiwemo ya Wimbledon 1988 na 1990, na tuzo ya uungwana ya wachezaji wa kiume imepewa jina lake. Ila vijana wa leo ukiwauliza mabingwa wanaanzia kwa Federer. Sasa kuna mwalimu Dar anataka mtoto ashike mikono miwili na acheze nyuma ya mstari. Je, mtindo ule umekufa kweli? Naombeni ushauri bila matusi.

Mzee wa Reli
Mkuu, kwanza umekosea bingwa. Aliyesahaulika ni Mats Wilander. Mataji makubwa saba, matatu kati ya hayo ndani ya mwaka 1988 peke yake. La nne la mwaka ule, Wimbledon, ndilo alilochukua huyo Edberg wako, kwa hiyo Sweden haikumwachia mtu kitu. Wilander hakuwa na sevu ya kutisha. Alikuwa na akili na pumzi. Mfundishe binti subira.

Mgebuka wa Mwanga
Umenikumbusha mbali. Fainali ya Wimbledon 2001 ilichezwa Jumatatu kwa sababu ya mvua, Goran Ivanisevic na Patrick Rafter. Nilikuwa Kigoma mjini, nimeshakata tiketi ya boti, nikasema nitazame seti moja tu. Seti ya tano ikaenda 9-7! Goran aliingizwa kwa kadi ya mwaliko tu, akaondoka na kombe. Lakini mimi nilimlilia Rafter. Yule bwana akirusha mpira vibaya kabla ya sevu alikuwa anamwomba mpinzani radhi. US Open mbili mfululizo, 1997 na 1998, na leo nani anamtaja? Boti iliniacha.

Kamba Ngumu
Turudi kwenye swali. Mtindo ule ulibanwa na vitu viwili. Kwanza kamba za raketi za poliesta: Mbrazili Kuerten alishinda Roland Garros, lile taji kubwa la Ufaransa, mwaka 1997 akizitumia, na baada yake karibu kila mtu akahamia huko. Zinaupa mpira mzunguko mkali, unapita juu ya wavu kisha unamdondokea miguuni aliyekimbilia mbele kama embe lililoiva. Pili, Wimbledon ilibadilisha mbegu ya nyasi mwaka 2001 na mpira ukaanza kudunda juu zaidi, hivyo aliye nyuma akapata nafasi ya kuurudisha. Sevu ya Edberg iliruka hadi begani kwa mpinzani, ndiyo iliyompa muda wa kufika wavuni. Binti wa miaka 13 anayo sevu hiyo?

Dada wa Kanyenye
Kaka, nimesoma majina ya Wazungu mpaka macho yameuma. Mtoto mwenyewe anasemaje? Na huyo mwalimu wa Dar alimwona wapi?

Mjomba wa Isevya
Dada, mtoto bado mdogo, anafuata upepo. Sevu inakuja.

Dada wa Kanyenye
Sijauliza umri. Anasemaje?

Mjomba wa Isevya
Sawa. Anataka mikono miwili. Kuna siku nilimkuta akijifunza kwa siri ukutani. Mwalimu aliona video yake, akampa nafasi ya kambi ya likizo, kwa sharti la kubadilisha bekihendi. Nimeshamjibu kwamba hatuji. Lakini nielewe: Sampras na Edberg wote walianza na mikono miwili, wakubwa wao wakaamua wahamie mmoja, na matunda yakaonekana. Mtoto akiachiwa kila anachotaka hatofika popote. Na mama yake alinikabidhi mimi.

Mwalimu Mstaafu
Mjomba ni mzazi, hilo halina ubishi. Ila mzazi hafungi mlango usiku kisha akaita kikao asubuhi. Na shule je? Mbona hakuna anayeitaja?

Sina Haraka
Wakuu, hii ni chai, tena ya maziwa. Tabora mipira ya tenisi inauzwa duka gani? Weka picha ya binti akipiga voli, vinginevyo uzi ufungwe.

Mjomba wa Isevya
Picha ya mtoto wa dada yangu siweki mtandaoni. Mipira inakuja na basi kutoka Dar, na kamba zikikatika raketi inapanda basi hilohilo kwenda kufungwa. Tunachezea sementi ya zamani yenye nyufa. Nyufa hizo ndizo zilizonifanya nimfundishe kuuwahi mpira kabla haujadunda. Sikuanza kwa mapenzi ya Edberg tu.

Sina Haraka
Hilo la nyufa nimelielewa. Naendelea kusoma.

Kamba Ngumu
Hapo umesema jambo. Kumbe wavu ni mahitaji ya uwanja, bekihendi ni suala jingine kabisa. Mtazame Ash Barty, yule dada wa Australia. Mikono miwili akitaka kushambulia, mmoja akitaka kukata mpira chini, na mbele alikuwa hatari. Roland Garros 2019, Wimbledon 2021, Australian Open 2022.

Dada wa Kanyenye
Na kwa maneno yako mwenyewe kaka, hata Edberg alibadilishwa mkono, na hakuacha kuwa Edberg.

Mzee wa Reli
Wilander naye alikuwa na mikono miwili, kisha akaongeza ile ya kukata kwa mmoja. Mnamsahau tu.

Mjomba wa Isevya
Nimeongea na dada. Kesho nitampigia mwalimu nimuulize kama nafasi bado ipo. Mikono miwili nakubali, lakini sharti langu ni kwamba asizuiwe kwenda wavuni, na mpira wa kukata abaki nao. Akikataa hilo, mtoto habebi begi. Kamba Ngumu, kwa mkono wa miaka 13 nifunge poliesta au za kawaida?

Kamba Ngumu
Za kawaida, tena laini. Poliesta itamuumiza kiwiko.