Mrejesho: simbilisi wangu aliyekuwa akinywa maji kupita kiasi

Wiki sita zilizopita niliomba ushauri kuhusu simbilisi wangu jike, mwenye umri wa miaka mitatu, ambaye alikuwa akimaliza chupa ya maji kabla ya jioni, akilowanisha maranda ya banda lake kila siku na kuzidi kukonda ilhali anakula vizuri. Nawashukuru mlionihimiza nimpeleke kwa daktari wa mifugo badala ya kuendelea kubahatisha.

Daktari wa hapa Mbeya, ambaye alikiri kwa tabasamu kwamba wagonjwa wake wengi ni ng'ombe, alichovya kijiti cha kupimia sukari kwenye mkojo tuliokinga juu ya karatasi ya nailoni, nacho baada ya nusu dakika hivi kikabadilika rangi. Alirudia kipimo siku nyingine, kwa kuwa hofu ya safari pekee huweza kupandisha sukari ya mnyama mdogo kama huyu. Ni kisukari. Lile wingu jeupe jichoni, ambalo nilidhani ni vumbi la maranda, ni mtoto wa jicho, na halitaondoka.

Hakumwandikia insulini. Alinitaka niache ndizi mbivu za Tukuyu, nilizokuwa nikimpa kila asubuhi kwa mapenzi (kosa ni langu), nimpe nyasi kavu bila kikomo pamoja na kipande cha pilipili hoho mbichi, kwa sababu simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Tangu hapo ameongezeka gramu 60, na juzi kijiti hakikuonyesha sukari. Tutapima tena mwisho wa mwezi.