Dereva wa masafa marefu: nitapataje mkutano wa kuacha pombe?

Msafiri_wa_Malaba:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni dereva wa lori. Napakia kontena bandarini Mombasa, napeleka Malaba, mara nyingine navuka hadi Kampala. Pombe imenishinda. Nikiamka Mlolongo mikono inatetemeka hata kikombe sikishiki, na tanboi wangu, yaani utingo, kashazoea: kwanza anitafutie robo ya kutoa loki, ule uchovu wa pombe ya jana, mengine baadaye. Mke wangu yuko Kisauni. Siku hizi hagombi tena, amenyamaza, na hilo ndilo linanitisha.

Nasikia kuna mikutano ya hawa AA (Alcoholics Anonymous), walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Mtu asiyelala mji mmoja siku mbili ataipata wapi? Mimi ni Mwislamu, na naambiwa hufanyika makanisani. Tena, tajiri mwenye lori akijua, kazi sina.

Mwalimu_Mstaafu_Nairobi:
Ndugu yangu, karibu sana. Nimeacha pombe miaka mingi sasa na bado nahudhuria, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kila wiki.

Anza na simu. Piga 1192, ni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haikatwi pesa. Waambie uko njiani, wape majina ya miji unayolala, uulize mikutano ya AA iliyo karibu. Usiridhike na jina la ukumbi tu. Uliza siku, saa, na namba ya mwanachama mmoja wa pale. Siku yenyewe mpigie kabla hujatoka, maana kumbi hubadilika. Ukifika mji usio na mkutano, ipo ya mtandaoni kila siku. Egesha lori, zima injini, weka visikilizio, sikiliza.

Hizo namba za watu ndizo mali. AA yenyewe ilianza na mtu aliyekuwa safarini kama wewe. Mwaka 1935, Bill Wilson alitoka New York akaenda Akron, Ohio, kwa shughuli za biashara. Shughuli ikaharibika, akabaki peke yake hotelini, na baa iko palepale inamwita. Alikuwa ameacha kwa miezi michache tu. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa kuulizia mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutanishwa na daktari mmoja wa mji ule, Bob Smith, na wawili hao ndio waanzilishi. Kwa hiyo ukifika Salgaa jioni, malori yamejipanga na muziki umeshaanza, mpigie mtu kabla hujashuka. Ukishashuka umechelewa.

Kuhusu kanisa: ni chumba tu, hupatikana kwa bei nafuu. AA si ya dini yoyote. Utasikia Mungu akitajwa, na kila mtu humwelewa kwa imani yake. Kwetu kuna Waislamu, na mwezi wa Ramadhani wakiwahi kuondoka kwenda kufuturu hakuna anayewauliza.

Kuhusu tajiri: hakuna kujiandikisha. Unataja jina moja, basi. Yasemwayo mle hayatoki. Sharti la uanachama ni moja, kutaka kuacha kunywa. Iko mikutano ya wazi, hata mkeo anaweza kuja, na ya ndani, ya walevi wenyewe. Mtu wa kwanza kuongea atasema jina lake na kwamba yeye ni mlevi, mtamwitikia. Zamu ikikufikia, sema "leo nasikiliza" na itapita. Kikapu kitazunguka, huna kitu, mpe wa pili. Ila usikimbie mkutano ukimalizika. Ile robo saa ya chai, watu wamesimama na vikombe, ndipo utakapopewa namba na ndipo utakapompata sponsa, mwanachama mzoefu wa kukushika mkono.

Nesi_wa_Zamu:
Kaka, hapo kwenye kutetemeka nisikilize. Mwili uliozoea pombe ya asubuhi ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na wengine huchanganyikiwa, waone visivyokuwepo. Hayo huua, na wewe una lori. Usiache peke yako barabarani. Nenda hospitali kwanza, waambie ukweli wa kiasi unachokunywa. Zipo dawa za kutuliza kipindi hicho, na vitamini B1. Mkutano unafuata.

Mama_Riziki:
Nami ni mke wa mtu aliyekunywa. Familia zina mikutano yao, Al-Anon, iliyoanzishwa 1951 na wake wa walevi, akiwemo Lois, mkewe huyo Bill. Mimi nilipokwenda, mume wangu alikuwa bado anakunywa. Sikufundishwa kumwachisha. Nilijifunza kulala usiku bila kusikilizia mlango.

Msafiri_wa_Malaba:
Nimepiga 1192. Nimeelekezwa hospitali, na nimepewa mkutano mmoja hapa Mombasa na mwingine Nairobi. Safari ya kesho nimemwachia dereva mwenzangu. Tajiri nimemwambia naumwa, na si uongo. Asubuhi naenda hospitali, shemeji yangu ananisindikiza. Mama Riziki, nimwambieje mke wangu habari za hao Al-Anon?

Mama_Riziki:
Usimtume, baba. Mpe namba, mwambie ni ya kwake, si kwa ajili yako. Akitaka kwenda na mtu, niandikie pembeni, mimi niko Nyali.