Mafundi na wauza betri wa Dar, acheni kutubadilishia betri bila kupima!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na nina hasira. Nimemwaga hela kwa tatizo ambalo mwisho wake limekuja kuwa nyaya mbili za redio. Kila niliyempelekea gari alikuwa na jibu mdomoni kabla hajafungua hata buti.

Gari ni Toyota Prius ZVW30, haibridi (inatumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), ile ya injini ya 1.8, imeletwa kutoka Japani kama nyingi za humu. Ikilala siku mbili tatu bila kuwashwa, asubuhi unaikuta imekufa. Rimoti haifungui mlango, unaingia kwa ule ufunguo wa chuma unaochomolewa ndani ya rimoti, unabonyeza pawa, taa za dashibodi zinamulika kinyonge, rilei (swichi za umeme) zinagonga-gonga, kimya. Ukiibusti, yaani ukiipa umeme wa betri nyingine kwa nyaya, inaingia READY (tayari kuondoka) hapohapo. Unaenda nayo Posta, unarudi Tabata, unaizima na kuiwasha utakavyo, haisumbui kabisa. Iache ilale tena, imekufa tena.

Sasa kwa mtu anayejiita fundi umeme wa magari, dalili hiyo inatosha kumpa pa kuanzia. Kama gari ingekuwa haichaji, isingemaliza kuzunguka mjini kutwa nzima bila kuwasha taa za onyo. Inachaji. Inakufa ikiwa imelala. Basi ama betri yenyewe haitunzi chaji, ama kuna kitu kinakula umeme wakati gari imezimwa. Unachukua mita ya umeme, unapima, unajua ni lipi kati ya hayo. Hakuna aliyechukua mita.

Fundi wa kwanza aliniambia alteneta (kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) imekula brashi, niache gari pamoja na hela ya vipuri. Ndugu zangu, PRIUS HAINA ALTENETA. Haina hata stata, mota ya kuwashia injini. Injini inazungushwa na mota ya umeme iliyomo ndani ya gia boksi, na betri ndogo ya volti 12 inachajiwa na konveta iliyomo kwenye inveta (boksi linaloendesha mota ya umeme), ile inayochukua umeme wa betri kubwa na kuushusha mpaka volti 14 hivi. Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Ni gari ya siku nyingi, na barabara zetu zimejaa Prius, Aqua na Harrier za haibridi. Kama hujawahi kuifungua, niambie hujawahi, nitakushukuru na nitakuheshimu, nitatafuta mwingine. Kudai hela ya kutengeneza kifaa ambacho gari haijawahi kuwa nacho tangu itoke kiwandani ni wizi, na sitafuti neno laini la kuliita.

Wa pili ndiye aliyenipandisha presha. Alichomeka mashine, zikatoka namba za hitilafu, akanigeukia na sura ya msiba: betri kubwa imekwisha bosi, jiandae kwa mamilioni, bahati nzuri ninayo moja ya mtumba. Nikamwambia anionyeshe P0A80. Hiyo ndiyo namba ambayo gari yenyewe huitoa pale inapoona betri ya haibridi inatakiwa kubadilishwa. Haikuwepo kwenye mashine yake. Iliyokuwepo ni P0560, inayohusu umeme wa upande wa volti 12, na nyingine za kompyuta kupoteza mawasiliano. Namba hizo za mawasiliano hujileta zenyewe volteji ikishuka, kwa sababu kompyuta za gari zote zinakula kwenye betri ndogo. Ikidhoofika, taa ya breki, ya usukani, ya injini na ya haibridi zinaweza kuwaka zote kwa mpigo. Mwenye gari anaogopa, na akishaogopa ndipo anapopigwa.

Nasema haya kwa kirefu kwa sababu najua humu wapo walioambiwa hivyohivyo wakalipa. Betri kubwa ya Prius hii ina moduli 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6, na ikichoka ina dalili zake: kipimo cha chaji kinapanda na kushuka upesi upesi, feni ya kwenye siti ya nyuma inavuma kwa nguvu, injini inawaka muda mwingi na mafuta yanakwenda. Zaidi ya hapo, gari ikizimwa betri kubwa inatengwa kabisa na rilei zake. Haiunganishwi mpaka betri ndogo iamshe kompyuta na kuzivuta hizo rilei. Ndiyo maana betri kubwa inaweza kuwa imejaa na gari isiwake, maana hakuna wa kuifungulia mlango. Fundi anayekuuzia betri kubwa kwa sababu gari haikuamka asubuhi ama haijui gari hiyo, ama anaijua vizuri mno.

Sasa wauza betri. Hapa hasira yangu ni kubwa zaidi kwa sababu wanacheza na afya za watu. Betri ndogo ya Prius haikai kwenye injini. Iko nyuma ndani ya buti, upande wa kulia, maana yake mnavuta hewa moja na watoto waliokaa siti ya nyuma. Kwa hiyo inatakiwa iwe AGM, yaani betri iliyofungwa isiyoongezewa maji, yangu ni ya S46B24R, na ina kijibomba cha kupeleka gesi nje ya gari. Duka la kwanza walinifungia betri ya kawaida ya asidi, zile za kuongezea maji. Kijibomba wakakiacha kinaning'inia. Nguzo za betri yao zilikuwa nene kuliko vichwa vya waya, wakavitanua vichwa kwa bisibisi. Betri ya namna hiyo ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, pamoja na ukungu wa asidi. Mke wangu ndiye aliyesikia harufu kali nyuma. Nilipoirudisha nikaambiwa, "Mzee, betri ni betri tu." Nilitetemeka. Kuna mtu anafunga kitu hicho kila siku ndani ya magari ya familia na usiku analala usingizi.

Duka jingine walikuwa na AGM ya kweli. Wakafunga, nikafurahi, ikafa vilevile. Kuirudisha, wakasema nimeiua mwenyewe, waranti haihusiki. Na hiyo risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya kudai waranti nilikuwa nimeipata kwa kugombana. Wanajua wazi kwamba betri ya risasi na asidi ikikaushwa mpaka mwisho mara kwa mara inaharibika ndani hata ikiwa mpya kabisa. Kwa hiyo kukufungia betri mpya kwenye gari yenye kitu kinachovuta umeme ni kukuandaa urudi ununue nyingine. Kupima kabla ya kufunga ni kazi ya nusu saa na kitu hivi. Hawapimi kwa sababu kutopima kunawalipa.

Aliyenitoa kwenye shida hii ni kijana mmoja wa Ilala, fundi umeme, hana bango wala ofisi ya maana. Naeleza alichofanya ili mjue cha kumdai fundi wenu.

Aliichaji betri kwa chaja usiku mzima, akaiacha itulie, akapima: volti 12.7. Nzuri hiyo. AGM nzima iliyojaa inakaa 12.6 kwenda juu, ikiwa 12.2 iko nusu, chini ya 12 imekwisha. Akaiweka gari READY akapima tena: volti 14.1. Konveta inachaji, suala hilo likafungwa pale pale. Nikakumbuka wa alteneta nikataka kulia.

Kisha akapima umeme unaotoka gari ikiwa imelala. Buti aliliacha wazi, lakini kufuli lake akalifunga kwa bisibisi ili gari idhani limefungwa na taa ya buti izime. Rimoti akaipeleka mbali, maana ikiwa karibu gari inaendelea kuamka kuisalimia. Akachomoa waya wa hasi, akaweka mita katikati ya nguzo na waya, kwenye ampea 10. Halafu AKASUBIRI. Hili wengi hawalijui: kompyuta za gari hazilali palepale, ukisoma mapema utaona namba kubwa ya uongo. Akasubiri karibu nusu saa. Gari nzima inatakiwa ivute chini ya miliampea 50. Yangu ilikuwa inavuta karibu 400.

Piga hesabu na mimi. Miliampea 400 kwa saa 24 ni ampea-saa 9.6. Betri yenyewe ni ya ampea-saa 45 ikiwa mpya. Siku mbili imekula 19, siku ya tatu 29. Hapo tena hakuna gari. Dalili yote niliyokuwa naimba kwenye kila gereji iko ndani ya hesabu ya darasa la sita!

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku anaangalia mita. Alipogusa ya redio namba ikaporomoka. Akafungua dashibodi. Redio ya Android niliyofungiwa na yadi walioniuzia gari ilikuwa na waya wa njano na waya mwekundu vimesokotwa pamoja na kuzungushiwa selotepu. Wa njano ni wa umeme wa muda wote, wa kutunza kumbukumbu. Mwekundu ndio unaoiambia redio kwamba gari imewashwa. Ukiviunganisha, kioo kinazima lakini ndani redio iko macho usiku kucha. Pembeni yake kulikuwa na alamu na kifaa cha GPS cha yadi hiyohiyo, navyo vimesokotwa kwenye waya huohuo, bila fyuzi yake, bila hata kuchomelewa. Mimi sikuwahi kuambiwa kama kuna GPS.

Na wote tunabadilisha redio, hatuna ujanja. Redio za magari ya Japani za miaka hiyo zinashika FM ya 76 mpaka 90, stesheni zetu ziko 88 mpaka 108, unapata mbili tatu za mwanzo tu. Kwa hiyo kila gari inayoshuka bandarini inaishia kwa mfunga redio, na kila redio iliyofungwa kwa kusokota nyaya inaweza kuwa inaua betri ya mtu sasa hivi. Kwenye gari ya kawaida yenye stata utaona inazungusha kivivu, utapata onyo. Haibridi haina stata ya kukuonya. Leo inawaka, kesho haiwaki.

Yadi za magari, nyinyi ndio mzizi wa hili. Mkifunga kitu kwenye gari ya mtu, mwandikieni ni kitu gani na kimechukua umeme wapi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumficha mteja kifaa kinachokula betri yake usiku kucha mimi nahesabu ni kumpotosha. Nimewapelekea barua. Nasubiri jibu.

Kwa wenye gari kama yangu, mambo machache maana najua mtauliza. Kusikiliza redio gari ikiwa ACC (umeme wa redio umewashwa lakini gari haijaingia READY) huku unasubiri watoto shuleni kunamaliza betri ndogo, konveta haifanyi kazi mpaka iwe READY. Betri ikiwa imekufa buti halifunguki kwa sababu kufuli lake ni la umeme, kwa hiyo busti mbele: fungua boneti, kwenye boksi la fyuzi kuna kifuniko chekundu, hapo ndipo chanya, hasi weka kwenye chuma kitupu cha injini. Usikubali mtu ageuze nyaya, utaunguza vitu vya bei mbaya. Na usiitumie haibridi kubusti gari ya jirani. Ukisafiri mwezi mzima, hata gari isiyo na kosa inayovuta miliampea 30 itakula karibu nusu ya betri, kwa hiyo chomoa hasi kabla hujaondoka, ukirudi utafungulia buti kwa kubusti mbele.

Yangu sasa inavuta miliampea 28 na inaamka kila asubuhi.

Lakini nimeandika leo kwa sababu nina rafiki yupo Mbezi, ana Aqua, taa zote zimewaka, gari ililala wikiendi. Gereji imemwambia betri kubwa imekufa na kesho asubuhi anakwenda kulipa. Nimemsihi asubiri, ananiambia mafundi wamepima kwa kompyuta. Nimemuuliza namba gani imetoka, hajui, hakuonyeshwa. Betri ndogo ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma na hakuna aliyeinua siti hiyo. Mimi niko Dodoma mpaka Alhamisi. Nani yuko karibu na Mbezi, ana mita, anaweza kumfikia leo jioni? Niandikie inbox, nitakulipia nauli na muda wako.