Mrejesho: Nilienda kumuaga Popi

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa kama ni sawa kwenda kwa mtalaka wangu anayeishi Bwiru, Mwanza, kumuaga Popi, mbwa tuliyemlea pamoja kabla hatujaachana. Wengi mlisema niende, wachache mkasema natafuta maneno. Nimeenda.

Nilitoka Sengerema asubuhi, nikapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi (enzi za kivuko ningefika mchana). Baba watoto alinipokea vizuri. Mke wake alitupisha, na kwa hilo namheshimu.

Popi ana miaka 14, macho yameingia ukungu, miguu ya nyuma haimbebi. Nilidhani hatanijua. Akanusa kiganja, mkia ukaanza kupiga sakafu. Nilimpelekea sato wa kuchemsha niliyemtoa miiba, akala kidogo, mengine akalamba tu. Daktari wa mifugo alisema figo zimechoka na hazitarudi. Alimchoma kwanza dawa ya usingizi, kisha ile inayosimamisha moyo. Mimi nilishika kichwa, baba watoto mgongo. Alilia yeye kabla yangu, sikutegemea.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Kwa mawe ya Bwiru, kuchimba ni adhabu! Aliyenishauri shimo liende chini sana, kwa kuwa dawa ile inaweza kuua mnyama atakayefukua mzoga, asante; daktari naye alisema hivyo hivyo.

Mnaouliza kama tutarudiana: hapana. Tulikunywa chai, tukaongea ada ya watoto, nikawahi gari la Sengerema.