Windows 7 ya steshenari: je, viraka visivyo rasmi vinaaminika?

Mkata Stika

Habari za leo, wakuu. Nina steshenari ndogo yenye mashine ya kukatia stika, iliyounganishwa na kompyuta ya Windows 7 ya biti 32. Mtengenezaji wa mashine hiyo hakutoa draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ya mifumo iliyofuata, na kununua nyingine mwaka huu siwezi, kwa hiyo naomba tusianze na ushauri wa kuhama. Nafahamu kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwamba masasisho ya kulipia yaliyouzwa kwa makampuni nayo yalikoma Januari 2023. Fundi mmoja ameniletea kwenye flashi furushi kubwa analoliita "masasisho yote mpaka leo", lakini ananitaka nizime antivirasi kabla ya kulisakinisha. Je, vitu hivi ni salama? Kompyuta hiyo hiyo naitumia kufungua barua pepe za wateja na kutuma ritani za kodi.

Bodi Mama

Mkuu, kabla ya yote, usizime antivirasi kwa sababu ya faili ambayo humjui aliyeitengeneza. Kiraka ni sasisho la kuziba kasoro ya programu, na watu wanaita "viraka visivyo rasmi" vitu vya aina tofauti kabisa. Kuna kiraka halisi cha Microsoft kinachopatikana kwa njia ya mlango wa nyuma. Wenye Windows XP walifanya hivyo walipobadilisha kiingilio kimoja kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ili kompyuta ijitambulishe kama POSReady 2009, mfumo wa mashine za malipo madukani, wakaendelea kupokea masasisho hadi Aprili 2019 ilhali XP ya kawaida ilikwisha kufungwa tarehe 8 Aprili 2014. Microsoft ilionya kwamba viraka hivyo havikujaribiwa kwenye XP ya kawaida, na suala la leseni nalo lipo, lakini angalau mwandishi wake anajulikana. Furushi la fundi wako halina hata hilo.

Tena sina hakika kwamba umekwisha kuweka vile vilivyo rasmi. Kirusi cha WannaCry kilipoenea Mei 2017, kiraka cha Windows 7 kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo. Kompyuta nyingi zilizoangukia mikononi mwake zilikuwa za Windows 7 ambazo wenyewe hawakukisakinisha.

Nywila Ndefu

Naongezea aina nyingine, ambayo binafsi naiheshimu: 0patch, ya kampuni ya ACROS Security ya Slovenia. Wao hawabadilishi faili za Windows zilizo kwenye diski. Programu yao hurekebisha maelekezo machache ndani ya kumbukumbu wakati programu yenye kasoro inapoendeshwa, na kiraka kikileta matatizo unakizima bila hata kuwasha upya kompyuta. Viraka vya mifumo iliyoachwa ni vya kulipia, na vinataka kompyuta iwe kwanza na masasisho rasmi ya mwisho. Ugumu kwako ni kwamba programu hiyo huwasiliana na seva yake ili kupata viraka vipya, wakati mimi ningependa kompyuta yako isiguse intaneti kabisa.

Pengwini wa Pwani

Weka Linux, ndugu, yaishe.

Mkata Stika

Ahsante, ndugu, lakini draiva ya mashine ni ya Windows pekee. Mkuu Nywila Ndefu, nikiitoa kwenye intaneti, bado nahitaji viraka?

Nywila Ndefu

Unavihitaji, kwa sababu flashi za wateja zitaendelea kuingia. Mwaka 2010 iligunduliwa kasoro iliyofanya Windows iambukizwe kwa kuonyesha tu ikoni ya njia ya mkato iliyotengenezwa kwa hila. Kiraka chake rasmi kipo, nawe unapaswa kuwa nacho. Lakini vile virusi tulivyovizoea steshenari, vinavyoficha mafaili ya mteja na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale, havingojei kasoro yoyote: vinangoja wewe ubofye. Hakuna kiraka, kiwe rasmi au kisiwe rasmi, kitakachokuzuia kubofya. Kwa hiyo flashi ya mteja ifunguliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine, na ule mchoro pekee ndio upelekwe kwenye ya kukatia. Barua pepe na ritani vihamie huko huko. Kivinjari cha Chrome kiliishia toleo la 109 kwenye Windows 7, na ingawa Mozilla iliendelea kuitolea Firefox 115 ESR (toleo la kuhudumiwa muda mrefu) marekebisho kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, nywila za kodi hazina sababu ya kukaa hapo.

Mkata Stika

Kompyuta mpakato ipo, nitaitumia. Na lile furushi, kuna namna ya kulikagua?

Bodi Mama

Ipo. Masasisho yanayopakuliwa kutoka katalogi ya Microsoft (tovuti yake ya masasisho) huwa na jina refu: linaanza na "windows6.1", inafuata namba ya KB inayotambulisha sasisho, kisha aina ya mfumo (yako, ya biti 32, ni x86), halafu alama ya mstari wa chini na mfululizo wa herufi na tarakimu 40. Mfululizo huo ni alama ya SHA-1 ya faili yenyewe, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, na hubadilika faili ikichezewa. Fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA1, ulinganishe. Linganisha na jina lililo kwenye katalogi yenyewe, kwani jina la kwenye flashi mtu anaweza kuliandika atakavyo.

Mkata Stika

Nimetazama. Hakuna jina la namna hiyo hata moja. Kuna faili moja tu ya exe.

Bodi Mama

Basi ifute. Tumia mpakato kupakua kutoka katalogi KB4490628, kisha KB4474419, zote za x86, na uzisakinishe kwa mpangilio huo. Bila hizo mbili Windows 7 haitambui saini za kidijitali za SHA-2 zinazothibitisha kuwa sasisho ni la Microsoft, na masasisho yaliyotolewa baada ya katikati ya 2019 yatakataa kuingia. Ila tengeneza kwanza nakala kamili ya diski, na draiva ya mashine uihifadhi peke yake mahali pengine, maana hiyo ndiyo usiyoweza kuipata tena.