Naombeni ushauri: shule yetu ndogo Florida inataka kupokea watoto wa skolashipu ya ulemavu, nimekwama kwenye fomu

BintiPangani:
Wakuu, habari za humu. Naongea hasa na mlioko Florida au mliowahi kuendesha shule binafsi huku Marekani.

Tuna shule ya msingi, watoto 31, huu mwaka wa pili. Majengo tumepanga kwa kanisa. Kila wiki napigiwa simu na mzazi mwenye mtoto wa usonji, au mtoto ambaye herufi zinamkataa, na swali ni lilelile: mnapokea ile skolashipu ya jimbo, inayomlipia mtoto mwenye ulemavu ada ya shule binafsi? Nikisema bado, ananishukuru na simu inakatwa. Nataka Agosti itukute tumeshaingia kwenye mpango. Usajili tunao, lile dodoso la kila mwaka tunalijaza. Nilipokwama ni kwenye fomu ya masharti, ile shule inayosaini kwamba imetimiza matakwa ya mpango. Je, lazima kila mwenye hisa kwenye shule aandikwe, au anatosha yule anayesaini? Usingizi sipati.

MzeeWaColumbus:
Binti, salaam. Mimi niko Ohio, ya Florida siyajui kwa ndani, ila nikueleze ya huku. Mjukuu wangu anasoma kwa skolashipu ya Jon Peterson, ya huku kwetu kwa watoto wenye ulemavu. Hapa mtoto lazima awe na IEP, ule mpango wake binafsi wa elimu, bila huo huendi popote. Mwanangu aliuhangaikia miezi minane. Kila kikao anaambiwa mtoto ni mvivu tu, atakuja kuchangamka. Kikao cha mwisho nikaenda mwenyewe, nikakaa pembeni, sikusema neno hata moja, nikawa nawatazama. Siku ile ndipo walipokubali kumpima. Leo anasoma vitabu vizima peke yake. Usikate tamaa.

Kisiki:
Kumbe shule inalipa hivi? Hela ya jimbo inaingia kila robo mwaka, wewe unaita majina tu. Dada, nafasi ya uhasibu ipo?

MamaWawili:
Kisiki, hao ni watoto wa watu. Mwanangu amepita shule tatu zilizompokea kwa tabasamu kwa sababu ya ile barua ya fedha, na hakuna hata moja iliyojua la kufanya anapoziba masikio na kulia. Mleta mada, kabla ya fomu jiulize kama mko tayari.

MwalimuRehema:
Nipo ofisi ya shule inayopokea watoto hawa, Florida hiihii, mwaka wa sita sasa.

Kwanza, ukikuta maelekezo mtandaoni yanataja McKay, skolashipu ya zamani ya watoto wenye ulemavu, yapite. Ile ilianza kwa majaribio 1999, na 2022 watoto wake wakahamishiwa skolashipu ya Family Empowerment, tawi la Unique Abilities, la watoto wenye ulemavu. Fedha siku hizi zinakaa kwenye akaunti ya mtoto chini ya shirika la ufadhili, Step Up For Students kwa mfano, na mzazi ndiye anaridhia shule ilipwe. Lakini anayeamua kama shule inafaa ni idara ya elimu ya jimbo.

Kwa kuwa hamjatimiza miaka mitatu, mtatakiwa barua ya mhasibu aliyesajiliwa kuthibitisha kwamba mna bima na mtaji wa kumaliza mwaka. Msipokuwa nayo, mnaweka dhamana inayolingana na fedha za skolashipu za robo mwaka. Walimu wawe na shahada, au miaka mitatu ya kufundisha, au ujuzi maalumu unaothibitika. Zima moto na afya wakague. Halafu jambo ambalo shule changa hulisahau: watu wa idara lazima wafike shuleni na waridhike, kabla ya hapo hamlipwi hata senti.

Sasa swali lako. Wamiliki na waendeshaji wote wanachukuliwa alama za vidole, zinapita jimboni na FBI. Vivyo hivyo mfanyakazi yeyote anayeweza kubaki peke yake na mtoto. Ila nami nikuulize: shule za umri wenu huwa zinalia na dhamana. Wewe umeanza na majina. Kwa nini?

BintiPangani:
Asante sana mwalimu, umenifungua macho. Nilitaka kujua tu. Mmiliki mwenzangu hayupo sana kwenye shughuli za shule. Hiyo barua ya mhasibu inachukua muda gani?

MamaWawili:
"Hayupo sana" ndiyo nini? Anafika shuleni au hafiki?

MwalimuRehema:
Nami nasubiri jibu hilo kabla ya kugusa la mhasibu.

BintiPangani:
Haya, niseme. Ni mdogo wangu, ana asilimia 40. Mwaka 2016 alipata kesi ya dawa za kulevya. Hakimu hakumtia hatiani rasmi, akakaa chini ya uangalizi, akamaliza, na wakili akasaidia rekodi ikafungwa. Tangu hapo hajagusa kitu. Ndiye anayeendesha gari la shule asubuhi na jioni.

Tulichofikiria ni kuhamishia hisa zake kwa mume wangu kabla ya kutuma fomu, na yeye aendelee na gari kwa kujitolea, asiwe kwenye orodha ya mishahara. Na kuna mama mmoja nimeshamwambia Agosti tutapokea. Anajiandaa kumtoa mtoto shule ya umma.

Najua mtanisema. Lakini huyu aliuza lori lake ili shule ifunguliwe. Mlitaka nimwambie nini, kwamba lori tulilihitaji ila yeye hatumhitaji?

Kisiki:
Nafuta utani wangu wa juu. Pole dada.

Mlokole_wa_Tampa:
Mwenyezi Mungu husamehe, serikali huhifadhi faili. Mwambieni ukweli ndugu yenu na muingie kwenye maombi. Mimi kaka yangu alikuwa hivyohivyo, tulimficha familia nzima miaka saba, na siku ilipojulikana mama ndiye aliyelazwa.

MwalimuRehema:
BintiPangani, nakuandikia kama dada yako.

Kufungwa kwa rekodi hakukusaidii hapa. Kwa Florida, anayeomba kazi shule, hata shule binafsi, haruhusiwi kukana kesi iliyofungwa. Na kumwita wa kujitolea hakuwafichi. Mkaguzi atasimama pale asubuhi, ataona nani ameshika usukani na nani mwingine yumo ndani ya gari.

Lakini mbona mmeshamhukumu kabla ya sheria? Kuna makosa yanayofunga mlango na kuna yasiyofunga, na orodha imeandikwa. Chukueni karatasi za mahakama, mpelekeeni wakili, asome kosa lenyewe lilivyoandikwa. Huenda anapita. Ukisaini uongo kwenye ile fomu, hapo ndipo mnampoteza yeye, shule, na jina lako pia.

Huyo mama ulimwambia upande wa pili? Akishika skolashipu, mtoto anahesabika amewekwa shule binafsi na mzazi. Ile haki ya IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ya kupewa elimu inayomfaa bila malipo, anaiacha shule ya umma, na IEP yake haiwabani ninyi.

Shahidi_Namba1:
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Mwezi wa tatu huyuhuyu alikuwa kwenye uzi wa manesi, anasimulia zamu za usiku Houston. Leo ana shule Florida, kanisa, lori na kaka mwenye kesi. Kesho ataomba mchango.

Tumbili_Mweupe:
Hata mimi nilishangaa. Mwenye shule ya watoto 31 anapata wapi muda wa kuandika humu?

MzeeWaColumbus:
Vijana, hata kama ni chai, yupo msomaji ambaye kwake si chai. Acheni mwalimu aeleze.

Shahidi_Namba1:
Mzee kwa heshima yako, ngoja nimpime. Mleta mada, mtoto wa matriksi 254 maana yake nini? Usiende kutafuta.

BintiPangani:
Uzi wa manesi ni wangu. Niliandika nilifanya kazi Houston, miaka kumi, kabla ya kuhamia huku. Rudi usome.

Matriksi ni kipimo cha msaada ambao mtoto anauhitaji shuleni. Inakwenda 251 hadi 255, kadiri namba inavyopanda ndivyo mtoto anavyohitaji msaada mwingi zaidi, na kiasi cha fedha kinafuata hapo. Najua kwa sababu yule mama aliniletea barua. Imeandikwa 254. Mtoto ana miaka sita, haongei, alikaa ofisini kwangu anapanga penseli zangu kwa rangi.

Shahidi_Namba1:
Sawa. Naomba radhi.

MwalimuRehema:
254. Nani kati ya walimu wenu amewahi kukaa na mtoto asiyeongea?

MamaWawili:
Hilo ndilo nililoliuliza tangu mwanzo.

BintiPangani:
Hakuna. Mimi tu, na nilikaa nao hospitali, si darasani.

BintiPangani: *(siku nne baadaye)*
Narudi kama nilivyoahidi kwa walioniandikia pembeni.

Jumapili nilikaa na mdogo wangu. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza kwa nini nilihangaika kumficha wakati karatasi zote za mahakama anazo kwenye bahasha. Tunaonana na wakili Alhamisi. Kwa sasa gari anaendesha mume wangu, na mdogo wangu anapaka rangi madarasa saa ambazo watoto hawapo. Hisa hatujazigusa. Fomu iko mezani, haijasainiwa.

Yule mama nilimpigia, nikamwomba asimtoe mtoto kwanza. Nikamweleza la IDEA, na kwamba sina mwalimu wa kumfaa mwanawe. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amekata. Halafu akaniuliza, "Basi nikuulize tena lini?"

Mwalimu Rehema, mafunzo ya walimu wenu mlianzia wapi?